Nyuzi Saba za Bi Somoe

Mkwe wangu alinunua utumbo wa mbuzi sokoni, akaketi uani kuuosha. Akaukwangua, akaukamulia ndimu, akaupanga kwenye sinia, na mimi niliyekuwa nikipita zangu nikasimama pale pale na fimbo yangu mkononi. "Mama, unaumwa?" akaniuliza. Nikamwambia siumwi. Ningemwambia nini? Kwamba harufu ile ya utumbo na ndimu imenirudisha kwenye nyumba ya baba yangu Kivinje, na kwamba wivu, wivu mbichi wa mtoto wa miaka minane, umenipanda kooni nikiwa nimebakiwa na meno manne? Angecheka. Ninyi wenzangu mliokulia zamani za Mdachi hamtacheka, au mkicheka mtajua mnacheka nini.

Baba yangu alifanya biashara ya mpira na nta. Hakuwa tajiri, lakini nyumba yetu ilikuwa na baraza ya mawe na ua mpana. Alikuwa akienda Umatumbi na wapagazi wachache, anakaa huko mwezi au zaidi, halafu anarudi ananukia moshi na utomvu. Mama alizaa wawili kabla yangu, wote hawakukaa. Kwa hiyo Baba alikuwa na mtoto mmoja, na mtoto huyo mimi. Kila alasiri akitoka msikitini alinipakata pale barazani, tukala muhogo wa kuchoma, yeye akinimenyea sehemu zilizoungua na kuzila mwenyewe. Nilidhani dunia imeumbwa hivyo: jua, bahari, Mungu, na mimi juu ya mapaja ya Baba.

Kisha akaenda Lindi kwa shughuli zake, akarudi na mke.

"Mwamkie mama yako mdogo," akaniambia.

"Shikamoo," nikasema nikitazama miguu yake, ambayo ilikuwa na hina mpaka kwenye vifundo.

"Marahaba, mwanangu," akajibu.

Jina lake Bi Somoe. Baba yake alikuwa Mwarabu wa Kishihiri wa pale Lindi mjini, mama yake Mmwera wa bara. Alikuja na sanduku moja, mkeka mmoja, na kitu kilichofungwa ndani ya kanga ambacho hakumruhusu mpagazi yeyote kukishika. Alikibeba mwenyewe mpaka chumbani, ng'ambo ya ua, mkabala na chumba chetu.

Kitu hicho kilikuwa gambusi. Wajukuu zetu leo wana magitaa makubwa kama mitumbwi. Gambusi lilikuwa dogo, limechongwa kutoka kwenye gogo moja la mti, tumbo lake limewambwa ngozi ya mbuzi, na juu yake zimepita nyuzi saba za utumbo: jozi tatu, na mmoja mnene unaokaa peke yake. Hupigwa kwa unyoya. Baba yake Bi Somoe alikuwa mpigaji, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume alimfundisha binti yake, jambo ambalo watu wa Lindi walilisema sana.

Baba aligawa siku kama sheria inavyotaka, mbili kwetu, mbili kwake. Lakini nani angeweza kuigawa sauti? Bi Somoe alipiga alasiri, saa yangu mimi ya muhogo. Siku zake Baba alikuwa chumbani kwake, na siku zetu alikuwa barazani kwetu, mimi mapajani, na paja lake chini yangu likicheza kufuata gambusi la ng'ambo. Nilikuwa nikilihisi. Nilijaribu kujifanya mzito ili litulie. Halikutulia.

Jirani yetu Bi Tatu alikuja kila Alhamisi kumsuka Mama. Mimi nilikuwa nawashikia chanuo na mafuta, nao waliongea juu ya kichwa changu kana kwamba mtoto hana masikio.

"Binti Selemani," alisema Bi Tatu siku moja, "mumeo huyu unayemwona si wako tena. Amefungwa. Amefungwa kwa zile nyuzi."

"Na mimi nifanyeje?" akauliza Mama.

"Hakuna la kufanya. Mpaka zikatike zenyewe."

Mama alivuta pumzi puani, ndefu, na nikaona chozi limetua kwenye kanga yake. Nilikuwa sijawahi kumwona mama yangu akilia bila mtu kufa.

Siku ya pili yake Baba alijilaza mkekani baada ya chakula, nikaanza kumkagua miguu. Nikatazama kati ya vidole, nikapapasa vifundo vya miguu, nikainua ukingo wa msuli wake. Nilitafuta uzi. Nilitaka kujua umefungwa wapi na fundo lake ni la namna gani, kwa maana mafundo nilikuwa hodari wa kuyafungua.

Akaamka. "Unatafuta nini, mwanangu?"

"Funza."

Akacheka, akaninyooshea nyayo zote mbili nimkague vizuri. Sikuona kitu. Nikajua basi uzi umefungwa kule kule kwenye gambusi, upande wa pili wa ua.

Asubuhi moja Bi Somoe alipokwenda kisimani niliingia chumbani kwake. Gambusi lilikuwa limelala juu ya sanduku. Nikakamata kimoja cha vile vijiti vya kukazia nyuzi, nikakizungusha, na uzi ukaguna kama mtu aliyeamshwa vibaya. Nikashtuka. Nilipogeuka, Bi Somoe amesimama mlangoni na mtungi kichwani, maji yanamchuruzika shingoni.

"Unafanya nini?"

Nikaachia kile kijiti. Akautua mtungi, akanitazama, kisha uso wake ukafunguka.

"Unataka kujifunza?"

Ningesema nini? "Naam, mama," nikasema. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita mama, na niliisema kwa woga tu.

Hivyo ndivyo nilivyoanza, kwa uongo. Alinikalisha mkekani, akaniwekea gambusi mapajani, na tumbo lake likateleza kama samaki. Akaliegemeza tena kwenye mbavu zangu. Mkono wa kushoto shingoni, mkono wa kulia na unyoya. Nikabonyeza uzi, nikapiga, ikatoka sauti ya ukuni unaovunjika.

"Usimkabe," akasema. "Kwani kuku huyo?"

Nikalegeza. Ikatoka sauti ya nzi.

"Na usimbembeleze hivyo. Bonyeza kwa ncha ya kidole, karibu na ukucha. Hapo. Piga."

Sijui niliubonyeza mara ngapi uzi ule mmoja. Nyuzi za utumbo zinakata. Siku ya tatu ncha za vidole vyangu zilikuwa nyekundu, siku ya tano zimetunga maji.

"Vinauma," nikamwambia.

"Najua. Vikiacha kuuma ndipo tutaanza."

"Kwani bado hatujaanza?"

Alicheka mpaka akashika ubavu. Alikuwa na kicheko kizuri, na hilo nalo liliniuma.

Nilikwenda kila asubuhi, wakati Mama yuko sokoni. Mama alipoviona vidole vyangu nilimwambia nimeshika chungu cha moto, akanipaka mafuta ya nazi na kunikaripia. Ndani ya moyo wangu nilikuwa na mpango. Kama nyuzi humfunga mtu, basi anayezipiga ndiye anayefunga. Nitajifunza mimi. Nitamfunga Baba upya, fundo langu mimi, nimlete barazani kwetu asitoke tena. Mama hana haja ya kujua. Ataona tu mume wake amerudi.

Bi Somoe alikuwa mwalimu mwema, na hapo ndipo palipokuwa na taabu yangu. Asubuhi, tukiwa wawili, nilimpenda. Alinipulizia vidole, alinipa kashata, alinisimulia kwamba yeye alipokuwa mdogo alililia gambusi mpaka baba yake akamtoa nje. Alasiri, Baba akipita uani kwenda kwake, nilimchukia hata kunukia kwake. Nilihesabu kila kitu. Baba akileta kanga, nilitazama yake ina maua mangapi na ya Mama mangapi. Akileta samaki, nilitazama kichwa kimekwenda mlango gani.

Zikapita kama siku arobaini. Nikaweza wimbo mmoja mfupi, wa kuwabembeleza watoto, ambao nusu yake ulihitaji uzi mmoja tu. Nikamwomba Bi Somoe aniazime gambusi nikampigie Baba. Alifurahi kuliko nilivyotaka afurahi. Akalifuta vumbi kwa kanga yake mwenyewe, akanipa.

Ilikuwa siku yetu. Baba barazani, Mama akichambua mchele mlangoni. Nilipotokea na gambusi, mikono ya Mama ilisimama juu ya ungo. Nikaketi, nikaliegemeza kifuani, nikapiga. Nilikosea mara mbili, nikarudia, nikafika mwisho.

"Mashaallah!" akasema Baba. Akapiga makofi. Uso wake ulikuwa umejaa furaha, na kwa kitambo kidogo furaha yote ile ilikuwa yangu. Kisha akanyoosha shingo, akaita kwa sauti kupita juu ya kichwa changu, kupita uani, mpaka mlango wa ng'ambo:

"Bi Somoe! Ee Bi Somoe! Umemfundisha, wallahi umemfundisha!"

Kule ndani kikasikika kile kicheko. Mama alinyanyuka na ungo wake, akaingia jikoni, na mchele aliouacha ukamwagika kizingitini. Baadaye aliniambia neno moja tu: "Hata wewe?"

Sijawahi kuambiwa neno zito kuliko hilo. Nililala na vidole mdomoni, nikivinyonya, na nilipoamka nilikuwa nimekwisha kata shauri.

Siku hizo Baba alikuwa na safari ya Umatumbi, akawa anaiahirisha. Kila siku kesho, kila siku kesho. Bi Somoe hakutaka aende. Mjomba wake wa bara alikuwa amempelekea salamu mbaya. Nilimsikia akimwambia Baba uani, "Watu wamechoka. Wanalimishwa pamba kwa viboko, na wao mashamba yao yanaota majani. Kuna kitu kinakuja. Usiende, Bakari, nakuomba." Baba akamwambia hayo ni maneno ya wapagazi. Lakini hakuondoka, na Bi Tatu akamwambia Mama, "Si unaona? Hata kwenye riziki yake hawezi kwenda."

Ijumaa, Baba akiwa msikitini na Bi Somoe akioga, nilichukua kisu cha Mama cha kukatia mchicha. Nilizikata zote saba. Zile za jozi zilikatika haraka, zikajikunja kama nywele motoni. Ule mnene ulikataa, nikausugua na kisu, ukaachia kwa mlio ambao nauhisi mpaka leo kwenye fizi. Nikatoka mbio.

Bi Somoe alipoona alilia. "Panya," akasema, "panya wameniua." Alasiri Baba akatoka msikitini, akasimama uani, akasema, "Kesho asubuhi nakwenda Umatumbi, inshaallah."

Niliruka. Kweli, niliruka juu. Amefunguka! Asubuhi akaniweka mkono kichwani, akamuaga Mama, akamuaga Bi Somoe, akaenda na wapagazi wake wanne kupitia njia ya Tingi. Nilimsindikiza mpaka mwisho wa nyumba, na moyo wangu ulikuwa mwepesi, maana nilijua atakaporudi atakuwa wetu.

Wiki ya pili watu wakaanza kuingia Kivinje wakikimbia. Walikuja na mikeka kichwani, na kuku, na wazee mgongoni. Wakasema bara kumewaka moto. Akida wa Mdachi amekimbia, maduka yamechomwa, watu wamekunywa maji ya dawa na risasi za Wadachi zikiwagusa zinageuka maji. Nilipolisikia hilo nilifurahi. Nikawaza, kumbe hata Baba akipigwa atalowa tu.

Halafu meli ikaja na askari wengi. Jua halijapoa walipita mbele ya nyumba yetu kwenda bara, na mizinga yao ikivutwa, na ardhi ikitetemeka chini ya nyayo zangu. Baada ya hapo habari zilizokuja hazikuwa za maji. Mtu mmoja wa nta, aliyekuwa akisafiri na Baba miaka ya nyuma, alisimama mlangoni kwetu akasema bila kuketi: "Watu wa pwani waliokutwa huko juu, sidhani kama amesalia mtu. Mwombeeni."

Wale wanawake wawili walisikia pamoja, kila mmoja mlangoni kwake. Kila mmoja akaingia ndani kulia peke yake. Hakuna aliyevuka ua.

Mimi sikulia. Niliacha kula. Kila nikifumba macho nilikiona kisu. Baba alikuwa amefungwa salama nyumbani, kamba saba imara, na mimi ndiye niliyemfungua akaenda kuuawa. Siku ya nne nikaenda kwa Bi Somoe, nikamkuta amekaa, gambusi lisilo na nyuzi mapajani.

"Si panya," nikasema. "Mimi ndiye niliyezikata."

Akalitua gambusi mkekani. "Kwa nini?"

"Ili Baba afunguke. Bi Tatu alisema umemfunga."

Nilingoja kofi. Hakunipiga. Alinishika kifundo cha mkono, akanivuta uani, akanivusha, akasimama mbele ya mlango wa Mama, mahali ambapo hajawahi kusimama tangu aje.

"Hodi."

"Karibu," akajibu Mama, kwa sauti ya kutoamini.

"Mwambie mama yako uliyoniambia," akasema Bi Somoe.

Nikasema yote: miguu niliyoikagua, mpango wangu wa fundo, kisu, Ijumaa. Mama alisikiliza akitazama sakafu. Nilipomaliza alijifunika uso kwa kanga.

"Bi Tatu hana kosa," akasema humo ndani ya kanga. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea maneno, yeye akinirudishia. Mtoto huyu ameokota yangu." Kisha akamtazama Bi Somoe. "Umekula?"

"Sijala tangu juzi."

"Na mimi."

Wakapika pamoja siku hiyo, uji wa mtama, tukala watatu kwenye sinia moja. Mimi waliniweka katikati.

Wakakubaliana kuchinja mbuzi wetu mmoja, watu waitwe kumsomea Baba dua. Mbuzi alipochinjwa Bi Somoe aliuomba utumbo, na Mama, ambaye hakuna aliyemshinda kwa kusafisha utumbo, akauchukua mikononi mwake. Aliukwangua kwa kombe la chaza mpaka ukawa kama kioo, akauosha kwa majivu, akaukamulia ndimu. Bi Somoe akaupasua vipande vyembamba, wakausokota, mmoja huku mmoja kule, wakirudi nyuma polepole mpaka uzi ukavuka ua mzima kutoka mlango wake hadi mlango wetu. Wakazifunga zote kwenye nguzo zikauke kivulini. Mimi nilikaa chini yake siku nzima nikifukuza kunguru.

Mngedhani hapo wivu wangu ulikwisha. Ndipo ulipopata nguvu mpya.

Kwa maana nyuzi zilipowekwa, Bi Somoe akazikaza, na Mama, kwa kutaka kuona kazi ya mikono yake, akasema, "Hebu." Akalishika. Halikuteleza. Mikono ya mama yangu ilikuwa imesuka, imekuna nazi na kusokota kamba maisha yake yote, na vidole vyake vilikuwa vimekwisha kufa ganzi kabla hajaligusa gambusi. Wiki moja, wenzangu. Mimi nilitoa machozi mwezi na siku kumi kwa wimbo wa watoto, yeye kwa wiki moja aliupiga, na wa pili, na wa tatu.

"Mwenzangu una mkono!" Bi Somoe alimwambia. Mimi hajawahi kuniambia nina mkono.

Wakawa wanakaa pamoja alasiri, mmoja anapiga mwingine anaimba, wanacheka mambo ya Baba ambayo sikuyaelewa, wakiniona nakaribia wananyamaza. Nilimwonea wivu Mama kwa ajili ya Bi Somoe, nikamwonea wivu Bi Somoe kwa ajili ya Mama, na siku nyingine niliwaonea wivu wote wawili kwa wakati mmoja na sikujua nimpige nani. Nikauficha ule unyoya kwenye makuti ya jikoni. Mama alimkamata jogoo, akang'oa mwingine, akaendelea.

Masika mawili yakapita. Askari walirudi na mistari ya watu waliofungwa, kisha wakaja watu ambao hakuna aliyewafunga, wenye njaa, mifupa inayotembea, maana huko bara chakula chote kilikuwa kimechomwa. Mama alikuwa ameacha kumtaja Baba kwa jina. Alisema "marehemu", na Bi Somoe alikuwa akimkataza.

Siku aliyorudi nilikuwa barazani peke yangu, nina gambusi, zamu yangu. Mzee mmoja alisimama njiani akanitazama. Alikuwa na mvi na magoti makubwa. Nyuma yake palikuwa na mwanamke mrefu, amevaa gome la mti, na mtoto mgongoni.

"Umekua," akasema yule mzee. Nikaijua sauti.

Sitaweza kuwaeleza kelele ya nyumba ile. Mama alianguka, Bi Somoe alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Kisha, kelele zilipopungua, macho yote yakaenda kwa yule mwanamke, aliyekuwa amechutama kwenye pembe ya ua akitazama chini.

"Huyu ndiye aliyenificha," akasema Baba. "Wale waliokunywa maji walitaka kuniua, akaniweka ndani ya ghala la baba yake, chini ya mtama. Halafu wakaja askari wakachoma ghala, wakachoma kijiji. Baba yake amekufa. Tumekula mizizi. Nimemwoa. Yule mtoto ni Saidi."

Mama akasema, "Karibuni," akaenda kubandika uji. Bi Somoe akaketi kizingitini kwake. Mimi nilikuwa nikimtazama Saidi, na nilikuwa nimekwisha mchukia, mtoto wa kiume, mapaja ya Baba yameshapata mwenyewe. Lakini nilikuwa na swali langu, nililolibeba tangu Ijumaa ile, nikaona nisipolitoa litaniua.

"Baba," nikasema, "ulikwenda Umatumbi kwa sababu nyuzi zilikatika?"

"Nyuzi gani?" akauliza.

"Za gambusi la mama mdogo. Zilikatika zote, ukaondoka."

Akafikiri kwa bidii, kwa kuwa alikuwa mchovu na alitaka kunijibu vizuri. "Zilikatika? Sikujua. Nilikuwa nawangoja wapagazi wawili waliokuwa wagonjwa. Walipopona, nikaenda."

Jiwe likanitoka kifuani. Nilitaka kulia kwa raha. Nilipoinua macho nilimwona Bi Somoe, na uso wake ulikuwa uso wa Mama siku ya ungo. Akanyanyuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Siku tatu hakutoka. Baba alibisha, hakumfungulia. Siku ya tatu alasiri nilibisha mimi, akanifungulia. Alikuwa hajapaka wanja. Akasema, "Kaniitie mama yako."

Mama akaja, akaketi kitandani kando yake. Mimi nikachutama mlangoni, hawakunifukuza.

"Mwenzangu," akasema Bi Somoe, "nilipokuja mimi, ulihisi hivi?"

"Hivi hivi," akasema Mama.

"Hapa? Kama umemeza mwiba?"

"Hapo hapo."

"Na mimi nilikuwa nikipiga."

"Ulikuwa ukipiga," akasema Mama. "Kila alasiri."

Bi Somoe akaanza kulia, na Mama akamlaza kichwa kwenye paja lake, akamfungua nywele, akaanza kumsuka upya kama mtu asiye na haraka. Baba akapita nje akakohoa, akauliza kama leo hapapigwi kitu. Mama akazidi kusuka. Akaendelea na njia yake.

Mama alipofika kwenye msuko wa mwisho aliinua uso, akasema, "Na yule kule nje?"

"Yupi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Yule aliyekaa peke yake. Kamwite."

"Mimi?"

"Wewe. Mwambie wenzake wanamwita."

Nilivuka ua nikiburuta miguu. Mwanamke wa Umatumbi alikuwa pale pale penye pembe, mgongo ukutani. Nikamwambia kwa Kiswahili, hakuelewa. Nikamwonyesha kwa mkono. Alijaribu kuinuka, magoti yakamkataa. Basi akamtoa Saidi mgongoni, akaninyooshea nimshike, apate kujisukuma kwa mikono miwili.

Nilitaka kukataa. Miezi yote ile nilikuwa nimejifunza kuhesabu nani amepewa nini, na huyu alikuwa amekuja kupewa yote. Nilikaza mikono na tumbo, kama mtu anayepokea mtungi uliojaa maji, nikampokea. Hapakuwa na uzito. Palikuwa na macho mawili makubwa na joto kidogo, na shingo isiyoweza kushika kichwa, na kilichobaki kilikuwa kama kanga iliyokauka juani. Nilimtazama mama yake, naye alikuwa akinitazama mikono, kama mtu anayeangalia iwapo itaweza.

Sikumngoja ainuke. Niligeuka nikakimbia naye kuelekea mlango waliko mama zangu, nikimshika kwa nguvu zangu zote, nifike kabla hajazidi kuwa mwepesi.